Neno la Siri Nililomtajia Mungu

Mama yangu alikuwa anapofuka, na mimi nilikuwa mbali naye. Habari ya kisanduku inaanzia hapo, haianzii dukani.

Aliyenipasha ni mdogo wangu wa kiume, yule aliyebaki na mama kule Kivu ya Kusini wakati sisi wengine tulipokimbia vita. Alipiga simu akazunguka weee, akasalimia watoto, akauliza mvua, akauliza kama ndagala, dagaa wa kwetu, zinauzika huku Mbarara. Nikamwambia, wewe, sema kilichokuleta. Ndipo akasema mama haoni tena watu wanaopita ubavuni mwake, anagonga mbuzi wake mwenyewe. Daktari wa Uvira alimchungulia macho kwa taa, akasema ni ule ugonjwa unaokula macho polepole kuanzia pembeni, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa ya matone itachelewesha tu. Kisha akanipa maneno ya mama jinsi alivyoyapokea: "Ambia yaya yako, ninataka kuona sura yake mbele ya giza kufunga." Yaya ndiye mimi, dada mkubwa.

Mama sikuwa nimemwona tangu miaka ya tisini ilipokuwa inaisha. Alikataa kukimbia, akasema hawezi kuwaachia askari mbuzi wake na kaburi la baba. Binti zangu wawili walizaliwa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, ndani ya nyumba ya udongo, na bibi yao hakuwahi kuwatia machoni. Kurudi sikuthubutu: njia ya kwetu bado ilikuwa na watu wenye bunduki, na mkimbizi akienda kutembea kwao, kesho ataulizwa alikimbia nini. Naye mama hakuwa mtu wa kupakiwa kwenye basi safari yote ile. Sauti yake nilikuwa naipata, simu ya kawaida ilitosha. Lakini hakuomba sauti, aliomba sura, na muda haukuwa mwingi.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Ruti, upande wa Mbarara ulio kwenye barabara ya Kabale. Mume wangu alibaki Nakivale na mahindi yake na maharage yake, maana shamba halihami. Mimi nikapanga muzigo, ndivyo wanavyokiita huku chumba kimoja cha kupanga, ili watoto wasome mjini na mimi niuze vitenge na ndagala asubuhi sokoni. Mizigo yetu ilikuwa safu moja, mlango kwa mlango, wapangaji wa kila namna: Wakongomani, Wanyankole, na wake wa wanajeshi ambao hawakupata nyumba kule kwenye kambi ya jeshi.

Muuza duka mmoja wa mjini, Mnyankole mwenye kitambi na upole, aliniuzia kisanduku cheupe chenye ukubwa wa Biblia, kadi ya simu tumboni na taa tatu usoni. Akanieleza kwamba kinavuta mtandao wa hewani kisha kinaugawa chumbani, na simu yoyote iliyo na neno la siri inaupata. Neno lenyewe lilikuwa limebandikwa chini yake, mchanganyiko wa herufi na namba usio na maana yoyote. Akasema nikifika nyumbani nilibadilishe. Nikaitika, nisifanye, kwa haraka ya kumwona mama. Alipokuwa ananakili namba ya kitambulisho changu cha ukimbizi ili kuisajili kadi, alisema neno moja ambalo wakati ule nililicheka: "Nyabo," akaniita, kama wanavyomwita mama yeyote huku, "kila kitakachopita humu kinapita kwa jina lako."

Nikakiweka dirishani, fasi pekee ambapo taa zote tatu ziliwaka. Baada ya siku chache mdogo wangu alimpandisha mama pikipiki, akamleta Uvira mjini kwenye saiba, duka la kompyuta za kukodi, yenye kamera, na simu yangu ikalia huku ikionyesha picha. Kwanza niliona dari. Halafu kitambaa cha kichwa. Halafu jicho moja, kubwa, limejaza kioo kizima, linazunguka linanitafuta. Alikuwa anaona katikati tu, mama yangu, mithili ya mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mdogo wangu akamrudisha nyuma kidogo, mimi nikakaa wima katikati ya picha, nisitikisike, nisipumue. Mama akanipitisha jicho lake toka nywele mpaka kidevu. Kisha akasema nimenenepa, na kwamba nina paji la baba, na akalia. Na mimi nililia, lakini bila kusogea, ili nisimtoroke machoni.

Baada ya hapo aliwataka wajukuu. Niliwakalisha mmoja mmoja mbele ya simu, akawaangalia kipande kwa kipande, masikio, meno, vidole. Alisema atarudi kuwaangalia mpaka awajue kwa moyo, ili giza likifika akute ameshawaweka ndani. Nikaapa kimoyomoyo kwamba mtandao hautakatika hata siku moja kwa kosa langu. Nilikuwa sijui ninachoapia.

Sasa nieleze ujinga wangu wa kwanza, ingawa kwetu si ujinga, ni malezi. Tulipofika Nakivale hatukuwa na kiberiti. Asubuhi ulitazama paa la nani linatoa moshi, ukaenda na kigae, ukapewa kaa la moto, ukarudi nalo mbio ukilipulizia. Hakuna aliyemnyima mwenzake moto. Mtu angeweza kukunyima chumvi, angeweza kukunyima hata salamu, lakini moto akupe, kwa sababu moto ukiutoa, wako haupungui. Basi jirani wa kwanza wa safu yetu aliponiuliza kama kile kisanduku cha dirishani kinatoa mtandao, na kama anaweza kuugusa kidogo, nilikigeuza tumbo juu nikamsomea neno lililobandikwa. Nilimsomea kwa furaha kabisa! Kabla ya juma kuisha, safu nzima ilikuwa nalo, na wapita njia walianza kupenda kupumzika chini ya dirisha langu.

Kumbe mtandao si moto. Nilinunua bando la mwezi, na bando lile lilikuwa limekula faida yangu yote ya ndagala, nikadhani nimeshajipanga. Mama alipokuja mara ya tatu, picha yake ilianza kukwama. Uso wake ukawa vipande vipande vya rangi, mdomo huku, jicho kule, halafu ukasimama hivyo. Sauti ikaendelea kidogo, kwa mbali, nikamsikia akimwuliza mdogo wangu kwa woga ambao sikuwahi kuusikia kwake hata siku za mabomu: "Ni macho yangu ao ni mashine?"

Mdogo wangu akamwambia ni mashine. Mama hakumwamini. Bando likaisha palepale, na mama akapelekwa nyumbani akiwa anadhani giza limefika. Kwa siku kadhaa alikaa kitandani, hataki kufumbua macho ili asihakikishe. Niliposimuliwa hayo niliingia chumbani nikafunga mlango nikajipiga mapaja. Ndipo nilipoelewa kinacholiwa pale dirishani. Mama alikuwa amebakiwa na mwanga wa kuhesabika, na watu wa Ruti walikuwa wanautumia kutazama mpira.

Mtu ataniuliza, si ungekizima? Nilikizima. Siku ambayo mdogo wangu angempata mwenye pikipiki ilikuwa haijulikani, ilitegemea mvua na ilitegemea nani ameweka kizuizi barabarani, lakini nilijiambia kwamba nitakiwasha nikisikia habari. Siku hiyohiyo niliyokizima walikuwa saibani, wanapiga, wanapiga, na mdogo wangu hana salio la kunipigia simu ya kawaida kutoka Kongo. Mama alikaa kwenye kile kiti cha plastiki mchana mzima akijitengeneza kitambaa, akarudi bila kuniona. Tangu hapo sikukizima tena. Kiliwaka usiku na mchana, na mimi nikiwa nyumbani kazi yangu ikawa kutazama taa zake. Ya tatu ndiyo iliyoniua. Ilichezacheza kila mtandao ulipotumika, na ilicheza wakati simu yangu mwenyewe ilikuwa imelala mezani.

Nilirudi kwa muuza duka nimevimba. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akanionyesha jinsi ya kuingia ndani ya kisanduku kwa kutumia simu, nikaona simu za watu zimejipanga humo, nyingine zina majina ya ajabu. Akasema nichague neno refu ambalo halimo kwenye midomo ya watu, herufi na namba, na nisimpe mtu. Hata mume, akasema, akacheka. Akaongeza kwamba mtu akikaa chini ya dirisha langu akamtukana mkubwa wa serikali, au akamtapeli mtu, askari wakifuata njia watafika mlangoni kwangu, siyo kwake. Sikucheka safari hii. Mkimbizi anaishi kwa karatasi. Nilishaona mtu Nakivale amesumbuliwa miezi kwa kosa la mtu mwenye jina linalofanana na lake.

Nilichagua jina la kisima chetu cha nyumbani, ambako mama alikuwa akiteka maji, nikamalizia na namba mbili. Hapa Mbarara nani anakijua kisima kile? Sikumwambia mume wangu, sikuwaambia watoto, simu zao niliziandikia mwenyewe nikiwa nimewapa mgongo. Na kweli taa ya tatu ikatulia. Chini ya dirisha wapumzikaji wakapungua, jirani mmoja akaninunia, mwingine akasema Wakongomani wakipata kitu wanabadilika. Niliumia, sikatai. Lakini mama alikuja tena Uvira, na picha ikasimama imara tangu salamu mpaka kwaheri, akamwona binti yangu mdogo aliyeng'oka jino, akacheka mpaka akakohoa.

Ningeishia hapo ningekuwa na akili. Sikuishia hapo.

Sisi wanawake wa kanisa letu tulikuwa na maombi kila Jumatano mchana, kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na Jumatano ile zamu ilikuwa yangu. Mchungaji wetu alikuwa ametufundisha jambo tulilolishika sana: usimwombe Mungu kwa jumlajumla. Ukimwombea mgonjwa, taja ugonjwa. Ukiomba kazi, taja kazi, taja na ofisi. Ombi lisilotajwa, alisema, ni sawa na mzigo usio na jina, unazunguka stendi hauna wa kuuchukua. Nami nilikuwa na hofu ambayo haikunipa usingizi, kwamba neno langu siku moja litafunguka, mama akae tena pale saibani akiuliza ni macho ao ni mashine. Kwa hiyo tulipopiga magoti nililipeleka mbele za Bwana. Nilimtajia kisima. Halafu, ili asikosee, nikamtajia herufi, moja moja, na kila herufi nikaifunika kwa damu ya Yesu, na namba mbili za mwisho nikazifunika pia.

Usinicheke. Sisi tunaomba wote kwa pamoja, kwa sauti, mmoja analia, mwingine anakemea pepo, mwingine anaimba. Katika ngurumo ile unajihisi uko peke yako na Mungu, hata anayepiga magoti bega kwa bega nawe hajui unasema nini. Niliinuka nimepata amani. Nikawapa chai.

Juma lililofuata taa ikaanza kucheza.

Nilidhani macho yananidanganya, nikawaza kumbe ugonjwa wa mama ni wa ukoo. Nikaizima simu yangu, nikazima za watoto, nikapiga magoti mbele ya kisanduku. Taa inacheza. Neno lile tulikuwa tunalijua wawili, mimi na Mungu. Nikamshuku muuza duka, pengine aliacha mlango wa nyuma. Nikamshuku mume wangu aliyekuja Ijumaa, nikampekua simu yake alipokuwa anaoga, nikamkuta na simu isiyo na hata uwezo huo, ya vitufe, ina tochi. Nikawashuku binti zangu, wakaapa mpaka wakalia, nami nikaona aibu. Nikiwa sokoni nilikosea kurudisha chenji. Gari la polisi likipunguza mwendo barabarani, nawaza ni wale waliofuata njia ya tusi mpaka mlangoni kwangu. Nilipunguza kula. Na kila siku nililitazama bando linavyoshuka, nikikisia kama litamfikia mama.

Halikumfikia. Alikuja, tukasalimiana, akasema, "Kaa katikati, mama," maana kwetu mzazi akimpenda binti yake humwita mama, na palepale nikavunjika vipande machoni pake. Safari hii hakuuliza kitu. Nilisikia tu kiti cha plastiki kinasogea, na mdogo wangu akimwambia mashine, mashine, mama, ni mashine.

Jumatano nyingine maombi yalikuwa tena kwangu, maana mwenye zamu aliugua. Nilikuwa nimeweka maharage jikoni nje, nyuma ya safu, na wenzangu walipozama kwenye maombi nilitoka kuyatazama. Ili kufika jikoni unapita mlango wa muzigo unaofuata wangu. Aliishi pale mwanamke wa kutoka kaskazini, mke wa mwanajeshi, ambaye tulikuwa tunasalimiana tu, kwa Kiswahili chake cha kambini. Mumewe alikuwa amepelekwa Somalia kabla hata sijahamia, na neno la kwanza lilipoenea safuni yeye alikuwa kwao, ameenda kujifungua. Alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, mtoto wake mchanga ameshikwa juu kama anayepimwa uzito, na mbele ya mtoto simu imeegemezwa kwenye sufuria. Ndani ya simu mwanaume mwenye sare alikuwa anapiga makofi na kutoa ulimi.

Nikageuza shingo kuelekea dirishani kwangu. Taa ya tatu inacheza kwa raha zake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisimama pale nikasahau maharage, nikasahau na maombi. Yeye hakushtuka. Alijisogeza kwenye mkeka, akapigapiga fasi aliyoiacha. "Nyabo, kaa. Afande anakusalimia."

Nilimwambia akate simu. Alinitazama uso, akaikata. Nikamwuliza neno la siri amepewa na nani, nani mwizi aliyemwuzia, nani amenichungulia. Sauti yangu ilikuwa juu, najua, kwa sababu ndani wanawake walianza kunyamaza mmoja mmoja. Akasema, bila hata kutafuta maneno:

"Ni wewe uliniambia."

"Mimi? Lini?"

"Ile siku ya maombi. Hao wengine nasikia vuuu tu. Wewe nasikia neno kwa neno, sauti yako ni ya soko." Akamweka mtoto begani. "Mimi pia nilikuwa naomba huku. Bwana yangu hajaona huyu mtoto hata siku moja. Naambia Mungu, nipe njia. Kidogo tu, nasikia sauti inataja mtandao, inatoa herufi, moja moja. Nyabo, mimi niliandika."

Hasira ikanizidi. Utamwambiaje mtu kwamba Mungu hakumjibu? Nimekemea pepo wengi maishani, lakini yule mwanamke alikuwa amekaa pale na amani yake, mtoto anamtafuna ukosi, na ushahidi wake wote mimi ndiye niliyeutoa. Nikamwambia kwamba kama Mungu alimjibu, basi alimjibu kwa bando langu, na kwamba mama yangu anapofuka, na kila dakika anayomwonyesha mumewe mtoto ni dakika aliyomnyang'anya mama yangu sura yangu. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Akauliza mama yuko wapi. Nikasema Kongo. Akaishika simu yake, akaigeuza kioo chini kwenye mkeka, akasema tu, "Sikujua inapungua."

Na mimi nani wa kumlaumu kwa hilo? Lakini nilimlaumu. Nilirudi ndani, nikawaambia akina mama Mungu amesikia, waende, na chai sikuwapa.

Neno nililibadilisha mchana uleule, midomo imefungwa, nikaogopa hata kuliwaza kwa nguvu. Mume wangu alipokuja Ijumaa na gunia lake la mahindi nilimsimulia yote, nikitegemea atanionea huruma. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwani Mungu alikuomba pasiwadi?" akaniuliza. "Yeye si ana mtandao wake?" Nilikaa siku mbili simsemeshi. Alipokuwa anaondoka kurudi Nakivale, alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya chini, hachekeshi tena, kwamba yule afande hajamshika mtoto wake bado. Nikamwambia na mama yangu je? Akasema sawa, na mama yako.

Taa ya tatu ikalala. Usalama niliokuwa nimeutafuta niliupata, na sikulala. Jirani aliendelea kunisalimia kila asubuhi, hakuninunia, ningependa aninunie. Alikuwa anakaa mlangoni na mtoto, simu pembeni, kioo chini. Wakati mwingine alimwinua mtoto vilevile kama siku ile, halafu akamshusha. Mimi nilipita na sufuria yangu nikitazama mbele. Nilijiambia, acha mama amalize kuwaangalia watoto, acha awaweke ndani kama alivyosema, kisha nitafikiria ya watu. Bando lilikuwa limejaa. Nililitazama kila jioni, halikushuka, nikamwomba mdogo wangu afanye haraka. Akasema mvua imeharibu barabara. Akasema pikipiki. Akasema kizuizi. Sikujua kama ninachomdai mdogo wangu kinawezekana.

Walifika Uvira mwezi ukiwa unaelekea kuisha, mchana wa jua kali. Simu ililia, nikawaita binti zangu, tukakaa wima katikati, tumevaa vitenge vipya. Na picha ikaja nzuri ajabu. Haijawahi kuwa nzuri namna ile. Niliona ushonaji wa kitambaa cha mama, niliona kovu dogo la kidevuni nililolisahau, niliona hata nzi aliyetua ukutani nyuma yake. Hakuna kilichokwama. Mtandao wote ulikuwa wetu.

Mama alikuwa anatazama kando ya kioo, juu kidogo, upande ambao hakukuwa na mtu.

Mdogo wangu alimsogeza kichwa taratibu, akamwelekeza. Macho yakapita juu yangu yakaenda zao. Niliona mkono wake unainuka, unakipapasa kioo kule kwake, vidole vikawa vikubwa vinanifunika uso.

"Mama," akaniita. "Ni mashine?"

Binti yangu mkubwa alinigeukia. Mdogo wangu, nyuma ya bega la mama, aliinamisha kichwa. Taa ya tatu pale dirishani ilikuwa inacheza vizuri kabisa.

"Ni mashine, mama," nikasema. "Mtandao wa huku ni mbaya leo. Kuna watu mingi wameingia."

Akashusha pumzi, nikaona mabega yake yanateremka. Akasema basi, hata kule kwao saibani watu ni wengi. Akaniuliza nimevaa nini, nikamwambia, rangi kwa rangi. Akawauliza watoto kama meno yameota, wakamwambia. Tuliongea mpaka bando lenyewe likakaribia kuisha, na picha ikabaki imara mpaka mwisho, mimi namwona, yeye hanioni. Alipoaga alisema safari ijayo niwafukuze hao watu ili tuonane vizuri. Nikamwambia nitawafukuza.

Baadaye watoto walitoka kwenda kuteka maji. Jirani nilimsikia kupitia ukuta, anamwimbia mtoto kwa lugha ya kwao. Nikaketi kitandani na simu mkononi. Sauti ya simu ya kawaida ingetutosha sasa mimi na mama. Bando lilikuwa limebaki kidogo, nikaliongeza kwa pesa niliyokuwa nimeitenga kwa ndagala.

Kisha nikapiga magoti. Si katikati ya chumba tunapoombea, bali kwenye ukuta ule, mdomo karibu na tofali. Nikamwomba Mungu amkumbuke mama yangu gizani. Nikamwomba anisamehe ule uongo, au asinisamehe lakini mama asijue. Na kwa kuwa ombi lisilotajwa halifiki, nikamtajia lile neno jipya, herufi moja moja, taratibu, kwa sauti yangu ya soko. Sikulifunika kwa kitu. Nilipomaliza nikalirudia tangu mwanzo.

Kule upande wa pili wimbo ulikuwa umekatika. Niliinuka nikaketi kuelekea dirishani, nikaitazama taa ya tatu ikiwa imetulia, nikaanza kuogopa kwamba safari hii hakuandika.

Ikacheza.